Tambi Ziive kwa Kadiri Gani?

Mwaka 1154 al-Idrisi, bingwa wa jiografia, aliandika ya kuwa huko Trabia, katika kisiwa cha Sicily, tambi zilitengenezwa kwa wingi, zikapakiwa merikebuni kupelekwa nchi nyingine. Je, zilipikwaje? Katika karne ya 15 Martino, mpishi mashuhuri wa Italia, aliagiza makaroni ya Sicily yaliyokaushwa juani yachemshwe kwa muda wa saa mbili nzima! Katika karne ya 17 Giovanni Del Turco alishauri yasichemshwe mno, na yakiiva yamwagiwe maji baridi mara moja, yapate kukaza. Leo Waitalia huchemsha tambi kavu dakika kama 10, kisha huonja: jino likikuta ugumu kidogo, huepua. Basi moto hupika, lakini jino ndilo hakimu.