Deep Purple: jina moja, vikosi tisa

Mwaka 1980 kuna watu Marekani waliolipia tiketi za onyesho la Deep Purple, bendi ya roki nzito ya Uingereza iliyokuwa imevunjika miaka minne kabla. Jukwaani walipanda wanamuziki watano, na kati yao mmoja tu ndiye aliyewahi kupigia bendi hiyo: Rod Evans, mwimbaji wake wa kwanza. Wenye jina wakaenda mahakamani wakashinda, na ikaamriwa walipwe dola 672,000. Evans akapoteza hata mrabaha wa albamu tatu alizoimba mwenyewe, kisha akatoweka kabisa kwenye muziki.

Hukumu ile ilikuwa ya haki, ingawa inauma. Evans alikuwa mwanzilishi wa kweli, wala hakuwa mgeni kwa jina hilo. Deep Purple ya leo nayo imebaki na mwanzilishi mmoja tu, mpiga drams Ian Paice, na hakuna anayeitilia shaka. Kisheria jambo ni jepesi, kwamba jina lina wenyewe. Kimuziki, jibu linatakiwa kutafutwa katika namna bendi hii ilivyopokea na kupoteza watu.

Wazo lilitoka kwa Chris Curtis, aliyekuwa mpiga drams wa The Searchers. Mwishoni mwa 1967 alitaka kuunda kundi ambalo wanamuziki wangepanda na kushuka kama watoto kwenye bembea ya kuzunguka, na akaliita Roundabout. Curtis alikuwa wa kwanza kushuka, kabla hata wimbo mmoja haujarekodiwa. Waliobaki ni mpiga kinanda Jon Lord na mpiga gitaa Ritchie Blackmore, wakaongezeka Evans, Paice na Nick Simper wa gitaa la besi. Jina jipya lilitokana na wimbo wa zamani alioupenda bibi yake Blackmore. Mwaka uliofuata, 1968, kibao chao “Hush” kilifika nafasi ya nne Marekani, huku kwao Uingereza wakiwa karibu hawajulikani.

Mwaka 1969 Blackmore na Lord waliamua kwamba sauti ya Evans haiuwezi muziki mzito walioutaka. Wakawachukua mwimbaji Ian Gillan na mpiga besi Roger Glover kutoka bendi ya Episode Six, wakafanya nao mazoezi kwa siri huku Evans na Simper wakiendelea kupanda jukwaani usiku bila kujua lolote. Ni ukatili, na ulikuja kujirudia. Lakini kikosi hicho cha pili ndicho kilichoitikisa dunia. Septemba 24, 1969 kilipiga pamoja na Royal Philharmonic Orchestra katika Royal Albert Hall kazi aliyoitunga Lord, na mwaka uliofuata kikatoa “In Rock”, albamu isiyo na chembe ya upole wa orkestra.

Desemba 1971 walikwenda Montreux, Uswisi, kurekodi ndani ya kasino ya mji huo. Tarehe 4, mwanamuziki Frank Zappa akiwa jukwaani humo, mtu mmoja katika hadhira alifyatua bastola ya fataki kuelekea darini. Kasino yote ikateketea, na moshi ukatanda juu ya Ziwa Geneva mbele ya macho yao. Wakahamia kwenye ukumbi wa maonyesho mjini. Huko walipiga kwa kelele hivi kwamba majirani waliita polisi, na mafundi wa bendi wakawa wanaisukuma milango isifunguliwe mpaka wimbo mmoja uishe kurekodiwa. Wimbo huo ndio ulioandikiwa maneno kuhusu moto ule, “Smoke on the Water”. Mwishowe walipata Grand Hôtel, iliyokuwa imefungwa kwa majira ya baridi. Walitandika magodoro kwenye korido kuzuia mwangwi, wakavuta nyaya hadi kwenye gari la studio walilolikodi kwa Rolling Stones. Kulifikia gari hilo ilibidi kupita vyumbani na kwenye roshani, safari ya kuchosha kiasi kwamba waliacha kwenda kusikiliza walichorekodi. Walikuwa wakipiga, wakikubaliana, na kusonga mbele. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa “Machine Head”, na nadhani ndiyo maana albamu hiyo inasikika hai kuliko nyingi zilizopikwa studio kwa miezi.

Uchovu na ugomvi kati ya Gillan na Blackmore vilikivunja kikosi hicho katikati ya 1973. Glover naye akasukumwa nje. Nafasi ya mwimbaji alipewa David Coverdale, kijana asiyejulikana aliyekuwa akiuza nguo dukani kaskazini mwa Uingereza. Pembeni yake akasimama Glenn Hughes, mpiga besi mwenye sauti iliyolelewa na soul ya Marekani. Wapo wanaokitazama kikosi hiki cha tatu kama kivuli cha kile cha pili. Mimi sikubaliani nao. Isikilizeni “Burn” ya 1974, namna waimbaji wawili wanavyopokezana na Paice anavyojaza kila pengo kwa drams. Blackmore hakuipenda soul ile, akaondoka 1975 kuanzisha bendi ya Rainbow.

Aliyemrithi, Mmarekani Tommy Bolin, alikuwa na kipaji kikubwa na uraibu mkubwa vilevile. Bendi ilivunjika baada ya onyesho la Liverpool, Machi 1976. Desemba 4 mwaka huohuo, miaka mitano kamili tangu moto wa Montreux, Bolin alifariki Miami akiwa na miaka 25.

Kikosi cha pili kiliungana tena 1984 na “Perfect Strangers”, na ugomvi wa zamani ukaungana nacho. Gillan alifukuzwa, Joe Lynn Turner akaingia, Gillan akarudishwa. Novemba 1993, baada ya onyesho la Helsinki, Blackmore aliondoka moja kwa moja katikati ya ziara, na mpiga gitaa Joe Satriani akaokoa tarehe zilizobaki. Wengi walidhani hapo ndipo mwisho. Akaja Steve Morse, akadumu takriban miaka 28, muda mrefu kuliko Blackmore mwenyewe. Lord alistaafu 2002 akimwachia kinanda Don Airey, na akafariki 2012.

Hapo ndipo tofauti na kundi la 1980 inapoonekana. Kundi la Evans lilipiga nyimbo za wengine chini ya jina lililouza. Morse na Airey walikuja na mikono yao wenyewe, wakaandika nyimbo mpya, huku Paice akiwa palepale nyuma. Morse alipoondoka 2022 ili amuuguze mkewe, gitaa lilikabidhiwa kwa Simon McBride, mzaliwa wa Belfast aliyekuja duniani bendi ikiwa tayari imevunjika mara ya kwanza. Miaka miwili baadaye jina lake likawa miongoni mwa watunzi wa albamu mpya, “=1”.