Mahame ya Milimani: Njia za Miguu kati ya Mpanda na Ziwa Tanganyika

Ukiwa msituni, upande ule milima inapoanza kuteremkia Ziwa Tanganyika, ukakuta mwembe umesimama peke yake, nawe simama. Mwembe hauoti bure katikati ya miombo. Kuna mtu alikula embe hapo, akatupa kokwa karibu na mlango wake, na mlango huo sasa haupo. Ukifukua majani makavu kwa ncha ya kiatu huenda ukapata kigae cha chungu, au jiwe la kusagia lililolika katikati kama sahani. Kiswahili kina jina la mahali pa namna hiyo: mahame, kijiji kilichohamwa.

Nimelitanguliza neno hilo kwa sababu habari za milima ya magharibi ya Katavi huandikwa siku hizi kana kwamba hakuna aliyewahi kuishi kule. Mgeni huambiwa anakwenda kuona pori lisilokanyagwa. Ukweli ni kwamba njia nyingi anazokanyaga zilikuwa njia za watu waliokuwa wakienda kwa shemeji, shambani au ziwani kununua dagaa.

Kutoka Mpanda mjini barabara inaelekea magharibi, inapita Katuma, kisha inapanda Mwese. Hapo hewa hubadilika. Mtu aliyetoka Mpanda na shati la mikono mifupi huanza kuulizia sweta. Mbele yake kuna misitu ya Ntakata, vilima vya Sitebi na hifadhi ya msitu ya Tongwe Magharibi, mabonde juu ya mabonde. Ukivuka mpaka wa mkoa unaingia Kigoma, na huko ndiko ilipo safu ya Mahale, ambayo kilele chake, Nkungwe, kina mita 2,462. Ziwa lenyewe liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo aliye ufukweni akiinua macho anaona ukuta wa karibu mita 1,700 umesimama mbele yake. Mpaka wa mkoa ni wa juzi tu. Mpanda ilikuwa chini ya Tabora, ikahamishiwa Rukwa mkoa huo ulipoundwa mwaka 1974, na Katavi yenyewe ikazaliwa 2012. Sokwe hawana habari na mipaka hiyo, na Watongwe na Wabende wa zamani, wenyeji wa milima hii, hawakuwa nayo pia.

Safari ya miguu iliyoandikwa sana kupita milima hii ni ya Januari 1872. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alikuwa amemkuta Dk. David Livingstone, mmisionari na msafiri, Ujiji miezi michache kabla. Tarehe 27 Desemba 1871 waliondoka Ujiji kwa mitumbwi, wakafuata ufuko kuelekea kusini hadi Urimba, katika nchi ya Watongwe, na kutoka hapo wakakata mashariki kwa miguu wakielekea Unyanyembe. Nchi hii wasafiri wa wakati ule waliiita Ukawendi. Ilikuwa mvua, nyasi zimempita mtu kimo, na chakula kilikuwa haba kwa sababu walipita sehemu zisizo na vijiji, wakifuata dira.

Picha ya safari ile si ya fahari hata kidogo. Livingstone alitembea mpaka miguu ikachubuka. Stanley alishikwa na homa, akawa anapanda punda. Karibu na mwisho wa Januari nyuki waliwavamia njiani; punda wa daktari akajitupa chini na kugaagaa, mzee akakimbilia kichakani akiwa ameumwa kichwa na uso. Walifika Kwihara huko Unyanyembe, karibu na Tabora, tarehe 18 Februari. Wapagazi waliobeba mizigo yote ile juu ya vilima vyote vile wamebaki majina tu katika kitabu cha Stanley.

Njiani Stanley aliona mlima wenye miamba akaupa jina la Magdala, kwa kumbukumbu ya ngome ya Uhabeshi aliyoishuhudia ikianguka mwaka 1868. Hilo nalo halinishangazi; wageni wa milima hupenda kubatiza. Lakini ulikuwa jirani na kijiji cha Mrera, na kijiji hakikai chini ya mlima vizazi na vizazi bila kuuita kitu.

Kwa nini watu walikaa juu? Sababu moja ni ardhi na mvua: mabonde ya juu yana chemchemi, na misitu ya kando ya mito hutoa udongo mzuri kwa mahindi na mihogo. Sababu nyingine ni usalama. Karne ya 19 njia ya pembe na watumwa ilikatisha nchi hii kuelekea ziwani, na vita vya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi aliyefariki 1884, vilitikisa magharibi yote. Palipo na msitu na mwinuko, mtu alikuwa na pa kukimbilia.

Walivyoishi tunajua vizuri kuliko nilivyotarajia, kwa njia isiyotarajiwa: Wajapani. Mwaka 1961 Chuo Kikuu cha Kyoto kilileta msafara wa kutafiti sokwe, ukapiga kambi Kabogo, kaskazini ya Mahale. Kiongozi wake alikuwa Imanishi Kinji, na hapa msomaji anayependa milima atulie kidogo. Imanishi alikuwa mpanda milima kabla ya kuwa chochote kingine. Mwaka 1952 aliongoza Wajapani kwenda Himalaya kuuchunguza mlima Manaslu, na uzeeni alihesabu vilele zaidi ya 1,500 alivyopanda kwao. Mtu wa namna hiyo kuletwa na sokwe hadi milima ya Watongwe ni jambo linaloeleweka. Yeye na mtafiti mwenzake, Itani Junichiro, walifanya kazi ambayo haikuwezekana kwa gari. Walitembea siku nyingi na wapagazi na waongozaji wa Kitongwe, wakilala kwenye vijiji.

Baadaye alikuja Kakeya Makoto, ambaye hakufuata sokwe bali watu. Aliyoyaandika yanastahili kusomwa na kila anayedhani umaskini wa milimani ni uvivu. Vijiji vya Watongwe vilikuwa vidogo sana, nyumba chache tu, kimoja mbali na kingine mwendo wa saa nyingi. Watu walilima kiasi cha kutosha na si zaidi. Lakini chakula hicho kilikuwa pia cha wageni, na wageni hawakukoma. Familia ambayo ghala lake liliisha mapema ilifunga safari kwa jamaa, ikala huko, na mwakani jamaa nao wakaja. Kwa hiyo kutembeleana milimani hakukuanzishwa na watalii. Palikuwa na mtindo mzima wa maisha uliotegemea mtu kuvuka kilima na kubisha hodi.

Sasa turudi kwenye mahame. Kuhama kwenyewe kulikuwa kwa kawaida, maana shamba la msitu huchoka na kijiji husogea. Kuhamishwa ni jambo lingine, na kulitokea zaidi ya mara moja. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza, ikiogopa malale, ilianza kuwakusanya watu wa magharibi ya Tanganyika katika makazi ya pamoja ili wawe mbali na mbung'o. Pori lililoachwa likanenepa, na mbung'o wakabaki wenyeji. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Mwaka 1974 na miezi iliyofuata, watu waliokuwa wametawanyika juu waliteremshwa kwenye vijiji vikubwa vya barabarani na vya ufukweni.

Sitaki kuandika kana kwamba kule juu palikuwa peponi. Mama aliyepata uchungu usiku alikuwa mwendo wa siku mbili kutoka zahanati. Shule haikuwezekana pale nyumba nne zilipokuwa peke yake. Lakini hesabu ya pili nayo ifanywe: walioteremshwa waliacha miembe, milimao, michikichi na makaburi, na sehemu ya walikotoka ilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale mwaka 1985. Baada ya hapo hapakuwa na kurudi.

Aliyejua kwanza kwamba watu wameondoka alikuwa sokwe. Mtafiti wa Kijapani, Nishida Toshisada, alikuwa ameanza kazi Kasoje, chini ya Nkungwe, Oktoba 1965, akiwa na miaka 24. Alipanda miwa ili sokwe wamzoee, na alikuwa wa kwanza kuonyesha kwamba sokwe wana makundi yenye mipaka kama ya ukoo. Wakati huo miembe ya Kasoje ilikuwa ya watu na sokwe hawakuigusa. Watu walipokwisha kuondoka, matunda yakawa yanaiva na kuanguka bila mwokotaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti waliona sokwe wakianza kuonja embe, na baadaye limao na mapera. Michikichi hawakuijali, na mpaka leo sokwe wa Mahale hawali ngazi, ingawa wenzao wa Gombe huzila sana. Mgeni wa leo anayepiga picha ya sokwe mwenye embe mkononi anapiga picha ya bustani ya mtu.

Nilipokuwa nikilitafakari jambo hili nilijikuta nikiifikiria milima ya Ulaya, yaani Alpi. Nako kulikuwa na vijiji maskini vya juu, watu wa ng'ombe na jibini, theluji ikiwafungia ndani miezi mingi. Vijana wao walikuwa wakishuka mabondeni kutafuta vibarua. Kisha walikuja wageni. Edward Whymper alifika kilele cha Matterhorn mwaka 1865, kwa gharama ya wenzake wanne walioanguka wakati wa kushuka, na Zermatt, kijiji cha wachungaji, kikawa jina la dunia nzima. Mwishoni mwa karne ile ubao wa kutelezea kwenye theluji ulitoka Norway ukaingia Uswisi na Austria, na majira ya baridi yaliyokuwa njaa yakawa mavuno. Mwana wa mchungaji akawa mwongozaji, zizi likawa nyumba ya wageni. Mengi yaliharibika pia, bei za ardhi zikiwa mfano mmoja, lakini kijiji kilibaki mahali pake na mgeni akalala kwa mwenyeji.

Katika milima hii yetu mpangilio uligeuzwa. Kijiji kiliondolewa kwanza, mgeni akaja baadaye. Ndiyo maana mtalii wa Mahale hulala kambini ufukweni, akiwa amefika kwa ndege ndogo au kwa boti. Zamani MV Liemba, meli ya Wajerumani iliyoundwa 1913, ikazamishwa 1916 na kuibuliwa 1924, ndiyo ilikuwa ikimteremsha usiku kwenye mtumbwi. Ndani ya hifadhi hakuna barabara za magari. Kila mtu hutembea. Kupanda Nkungwe kunahitaji siku mbili tatu na mwongozaji, na njiani hakuna anayekuuzia hata ndizi. Kuhusu kuteleza kwenye theluji, Tanzania ina kisa kimoja cha kuchekesha: mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, waliteremka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa mbao za theluji. Huku kwetu kinachoteleza ni changarawe ya miamba, na yenyewe haihitaji ubao.

Kuna mahali pamoja palipokwenda kinyume, napo ni Mwese. Wakati vijiji vingine vya juu vikiwa vimebakiza miaka michache, Mwese ilikuwa ikijengwa. Mwaka 1964 wakimbizi wa Kinyarwanda, takribani 3,000, waliletwa kutoka Kivu na kupewa ardhi katika uwanda ule wa baridi. Ilikuwa miongoni mwa kazi za mwanzo za shirika la Kilutheri la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoanzishwa mwaka huohuo. Waliofika walikuwa watu wa milima, baridi haikuwatisha. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere ilianza kuwapa uraia Wanyarwanda wa makazi kama haya. Katumba, iliyoanza 1973, na Mishamo, 1978, zilipokea Warundi wengi zaidi na ndizo zinazotajwa kila Katavi inapohusishwa na wakimbizi, lakini Mwese ndiyo iliyotuachia kitu adimu katika mkoa huu: kijiji cha mlimani chenye moshi wa jikoni. Ningekuwa naulizwa mgeni apelekwe wapi kwanza, ningesema Mwese, kabla ya kumwonyesha mnyama yeyote.

Mwese ni miongoni mwa vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika ambavyo sasa vinalinda msitu wa Ntakata kwa mpango wa hewa ukaa unaoendeshwa pamoja na Carbon Tanzania. Kijiji kinaacha miti isimame, kampuni za nje zinalipa, na fedha zinakwenda kwenye madarasa, zahanati na mishahara ya walinzi wa msitu. Ni mara ya kwanza milima hii kumlipa mtu anayekaa nayo. Walinzi hao hukagua njia kwa miguu, na wakitaka kujua panapofaa kupiga kambi hutafuta mahali palipo tambarare, karibu na maji, penye mwembe.

Maji hayo nayo yana safari yake. Vijito vya nyanda hizi huuzaa mto Katuma, unaoteremka na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ukajaza maziwa ya Katavi na Chada, na mabaki yake kwenda Ziwa Rukwa kwa mto Kavuu. Bondeni, kabla ya hifadhi, wakulima wa mpunga wanauelekeza mashambani. Septemba ikifika, viboko wa Ikuu, ndani ya hifadhi hiyo, hujazana mamia kwa mamia kwenye tope lisilofika magotini mwao, mmoja amelaza kidevu mgongoni mwa mwenzake, wakingoja mvua inyeshe Mwese.