Kuta za Thimlich Ohinga na Watu Waliozikarabati
Thimlich Ohinga, makazi ya kale yaliyozungushiwa kuta za mawe umbali wa kilomita zipatazo 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018, yakawa eneo la saba la Kenya kupewa hadhi hiyo, baada ya mengine yakiwemo mji wa kale wa Lamu, Fort Jesus na misitu ya Kaya za Wamijikenda. Msomaji aliyezoea historia ya pwani, ambako mji hutambulikana kwa msikiti wa Ijumaa, nyumba za matumbawe na chokaa, na nasaba za watawala, huenda akasita kupaita mji mahali pasipokuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Hata hivyo palikuwa na ukuta, lango, mahali pa mlinzi, kiwanda cha mhunzi, mazizi, na utaratibu wa kuishi uliojulikana na kila mkazi, na hayo yanatosha kupapa haki ya kusomwa kwa uzito uleule.

Katika Dholuo, lugha ya Wajaluo, ohinga ni boma lililojengewa ukuta wa mawe ili kuwakinga watu na mifugo yao. Thimlich ina maboma makuu manne, nayo ni Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch, na kubwa kuliko yote ni Kochieng, ambalo kipenyo chake ni mita zipatazo 140. Kuta zake hupanda kutoka mita 1 hadi zaidi ya mita 4, na unene wake ni kati ya mita 1 na 3. Hakuna udongo wala chokaa iliyotumika kuyashikanisha mawe. Waashi walisimamisha nyuso mbili, ya nje na ya ndani, kwa mawe makubwa yaliyochaguliwa ili ncha ya moja iingie katika pengo la jingine, kisha nafasi ya katikati wakaishindilia mawe madogo, na penye udhaifu wakaongeza nguzo za kuegemeza. Mara nyingi kuta hizi hulinganishwa na zile za Great Zimbabwe, lakini waashi wa Zimbabwe walitumia matofali ya mawe yaliyochongwa na kupangwa safu kwa safu, ilhali wa Thimlich walitumia mawe yasiyochongwa kama walivyoyakuta kilimani, kazi inayodai jicho la aina nyingine kabisa.

Swali la nani alijenga ndilo limewashughulisha watu wengi zaidi, na pengine ndilo linalofaa kuulizwa kwa namna tofauti. Inakadiriwa kwamba ujenzi ulianza karne ya 16, na simulizi za wenyeji huwataja wakazi wa mwanzo waliokuwa wasemaji wa lugha za Kibantu, wakafuatiwa na Wajaluo waliofika kwa vikundi na kwa nyakati mbalimbali. Kila kundi lililohamia lilikuta ukuta umesimama, pengine umebomoka sehemu, likaurudishia mawe yake, likaongeza maboma madogo kando yake, na kuishi humo hadi lilipohama. Kwa hiyo kumtafuta mwanzilishi mmoja ni kuidhulumu historia ya mahali hapa, kwa sababu ukuta usioshikwa na chokaa hausimami karne tatu au nne bila watu wa kuukarabati, na waliourithi walikuwa waashi sawa na walioutangulia.

Mtu anayefika peke yake kwa ziara ya siku moja, akitoka Homa Bay kupitia Ndhiwa, au akivuka mpaka kutoka Tanzania kwa njia ya Sirari na Isebania, anaweza kuusoma mpangilio wa mahali hapa kwa miguu yake mwenyewe. Lango la Kochieng ni jembamba na fupi, na juu yake yamelazwa mawe bapa yanayofanya kazi ambayo mafundi wa leo huiachia linta, hata mgeni hulazimika kuinama. Adui aliyeingia hivyo alitanguliza kichwa mbele ya mlinzi. Ndani mna alama za misingi ya nyumba na mazizi ya mifugo, na vilevile mahali pa mhunzi panapotambulikana kwa mavi ya chuma, yaani takataka zinazobaki chuma kikifuliwa. Juu ya mwamba vimechimbwa vishimo vya ajua, mchezo wa Wajaluo ulio jamaa ya bao. Shanga za kioo zilizopatikana hapa zinaonyesha kwamba wafugaji hawa wa bonde la Ziwa Victoria walifikiwa, japo kwa mikono mingi, na biashara ya masafa marefu.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 watu waliyaacha maboma. Utawala wa kikoloni ulipokuwa umepunguza vita na wizi wa mifugo kati ya koo, hapakuwa tena na sababu ya kusongamana nyuma ya mawe, na familia zilitawanyika mashambani zikizungushia makazi yao ua wa mimea.

Mwanaakiolojia Neville Chittick, anayejulikana zaidi kwa uchimbaji wake wa Kilwa, aliandika kuhusu maboma haya mwaka 1965, na tafiti zilizofuata zimeorodhesha zaidi ya miundo 500 ya mawe katika eneo lililoitwa zamani Wilaya ya South Nyanza, ambalo sehemu yake kubwa leo ni kaunti za Migori na Homa Bay. Mwaka 2000 Thimlich iliwekwa katika orodha ya World Monuments Fund ya maeneo yaliyo hatarini, na ukarabati uliofuata ulifanywa kwa kuyarudisha mawe kwa ufundi uleule wa zamani. Uangalizi wa namna hiyo bado haujayafikia maboma mengi yaliyobaki, ambayo yamo katika mashamba ya watu, na ambako jiwe la ukuta wa kale ni rahisi kugeuzwa msingi wa nyumba mpya. Kuyapima, na kuandika kwa kila moja majina ya koo zilizowahi kukaa humo wakati wazee wangali wanaweza kuyataja, ni kazi inayostahili kupewa fedha kabla ya barabara na mabango ya watalii.