Nani Alileta Vitambaa vya Makochi Morogoro?

Masika yakishakatika na mpunga ukishaingia ghalani, Morogoro hushikwa na kipupwe. Kule juu Mgeta ukungu huchelewa kuachia vilima, na hata mjini watu wanatoa masweta kabatini. Ni miezi ya harusi, ya kumtoa mwali, na mwanzoni mwa Agosti ni maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Kwa wanawake wanaofuma, huu ndio msimu wenyewe. Shamba limepumzika, hela ya mavuno ipo, na mama mwenye binti anayeolewa ameshaanza kuulizia seti.

Seti ni vitambaa vya mgongoni na vya mikononi kwa makochi yote, pamoja na kimoja kikubwa cha meza ya kati. Zamani palikuwa pia na cha redio, baadaye kikaja cha televisheni ile yenye kisogo. Vijana wa siku hizi huvicheka wakisema ni mambo ya bibi. Wanachosahau ni kwamba bibi naye alivipata kwa watu, na waliompa walikuwa na mpango wao.

Tuanze na kitambaa chenyewe. Kabla ya shilingi na rupia kuenea bara, chini ya milima ya Uluguru nguo ilikuwa fedha. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Zungomero mwaka 1857, karibu na Kisaki ya leo, walikuta kituo kikubwa cha misafara, na wao wenyewe walikuwa na mizigo ya nguo na shanga za kulipia chakula na njia. Hesabu ilikuwa ya mikono: mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Nguo iliyotamba ni marekani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za Salem, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, sultani wa Omani na Unguja. Msafiri Henry Stanley naye alipita Simbamwene, Morogoro ya leo, mwaka 1871 akiwa na robota za nguo za namna hiyo. Kumbuka hilo ukiona shuka la marekani lililodariziwa maua limetandikwa kitandani kwa mgeni: miaka 150 iliyopita lingenunua chakula cha msafarani.

Sindano ya mapambo ililetwa na misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walihamia Bagamoyo kutoka Unguja mwaka 1868, na masista wakawa na kazi ya kuwalea wasichana waliokombolewa utumwani. Ratiba yao ilikuwa sala, shamba, kufua na kushona. Miaka ya 1880 misheni ikapanda hadi Morogoro, na siku za Wajerumani ikajikita milimani, Matombo na Mgeta. Lengo halikufichwa: msichana aliyejua kushona alikuwa anaandaliwa kuwa mke wa Mkristo, mwenye nyumba safi na mikono isiyokaa bure. Kama yeye mwenyewe alitaka hayo, sidhani kama kuna aliyemuuliza.

Ulaya kwenyewe kitambaa cha kochi kilikuwa na sababu isiyo na uhusiano wowote na sala. Wanaume wa Uingereza wa karne ya 19 walipaka nywele mafuta mazito, na viti vya sebuleni vikawa vinachafuka pale kichwa kinapoegemea. Wake zao wakaanza kutandika vitambaa vinavyofulika. Wakati huohuo, njaa kubwa ya Ireland ilipoanza mwaka 1845, masista wa huko walifundisha wasichana maskini kufuma kwa sindano ya ndoano ili wauze na kula. Kwa hiyo ufundi ulipofika kwetu ulikuwa umebeba mambo mawili: heshima ya sebule ya tajiri na hesabu ya mlo wa maskini. Nadhani wanawake wa Morogoro walilishika zaidi lile la pili.

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni nayo ikaingia kwa vilabu vya akina mama: kupika, usafi, malezi, kushona. Ilikuwa miaka ileile ambayo mabwana shamba walikuwa wanawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, kazi iliyoangukia sana mabegani mwa wanawake, mpaka Julai 1955 Matombo ikalipuka kwa ghasia na mpango wa matuta ukafa. Sindano haikukataliwa. Haikuhitaji kuinama juani, na ilichozalisha kilibaki kwa aliyeishika.

Kazi yenyewe ukiitazama karibu haina siri, ina subira. Chukua ua la nanasi, ambalo kila mfumaji wa mjini hapa analijua. Unaanza na mnyororo mfupi, unaufunga kuwa duara dogo. Unajaza nguzo za uzi katika kituo kimoja mpaka zifunguke kama kipepeo cha mkono. Juu yake unapanga vitanzi, na kila mstari unaofuata unapunguza kimoja, mpaka kinabaki kimoja pekee, ndio ncha ya nanasi. Ukikosea hesabu mstari wa tatu, kosa linajionyesha mstari wa nane, na hapo hakuna dawa ila kufumua. Kisha kuna wanga. Muhogo mbichi unasagwa, unakamuliwa, maji yanaachwa yatuame. Kile cheupe kilichobaki chini kinapikwa kama uji mwepesi. Kitambaa kinachovywa humo, kinanyooshwa, na pindo zinazotakiwa kusimama zinasimamishwa kwa chupa mpaka zikauke. Kisichotiwa wanga vizuri kinalala kama tambara siku ya kwanza ya mvua.

Uhuru ulipokuja, UWT, umoja wa wanawake ulioundwa mwaka 1962, uliendeleza vikundi vilevile kwa lugha ya maendeleo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na katika miaka ya 1980 Morogoro yenyewe ikawa mji wa nguo, ikiwa na Polytex na kiwanda cha turubai. Lakini miaka hiyohiyo bidhaa ziliadimika madukani baada ya vita vya Kagera. Hapo ndipo ufundi wa kufumua ulipopata thamani yake: sweta kuukuu linafumuliwa, uzi unaoshwa na kuviringishwa, unarudi kuwa kitambaa cha meza. Vipande vya fundi cherehani vikaunganishwa kuwa matandiko, na matambara yakapenyezwa katika magunia kuwa mazulia ya mlangoni. Mitumba iliporuhusiwa tena, masweta ya kufumua yakawa tele.

Leo adui ni meza ya kioo yenye kitambaa cha plastiki kilichotobolewa kama lesi, kinachouzwa kwa bei ambayo mfumaji hawezi hata kununulia uzi. Televisheni bapa imeua kitambaa chake yenyewe, maana hakina pa kukaa. Wafumaji hawakulia sana. Vikundi vilivyo na akili vimechukua mkopo wa halmashauri, ile asilimia nne ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, na kuhamia kwenye kofia za watoto, mikoba na blauzi za ufukweni. Wateja wanapatikana Nane Nane na kwenye simu, na wasichana wanaojifunza sasa hawamhitaji sista. Wanatazama video, wanasimamisha, wanarudisha nyuma, wanahesabu vitanzi. Blauzi niliyoona ikiuzwa karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu ilikuwa na ua la nanasi kifuani, na muuzaji hakukubali kupunguza hata mia tano.