Safu ya Lugha: Mshipa upi huo?
Pale Ihanda, Karagwe, kama kwingineko nchini, si ajabu anayeumwa jino kulalamikia "mshipa". Mshipa upi? Neno hilo limebebeshwa mzigo: ni njia ya damu, ni ngiri, na wengine huiita hivyo hata kano, inayofunga msuli kwenye mfupa.

Kinachopeleka maumivu ya jino ni neva, neno lililotoka Kiingereza. Asili yake ni Kilatini, nervus, ambalo nalo (ajabu!) lilimaanisha pia kano.

Neva haipitishi damu. Ni fungu la nyuzi zinazopeleka taarifa. Nyuzi za hisia za uso na meno huingia kwenye shina la ubongo kupitia neva ya tano. Humo huachana: nyingi za mguso huishia karibu na zilipoingilia, ilhali za maumivu na joto hushuka hadi panapoanzia uti wa mgongo, ndipo taarifa ivuke upande wa pili na kupanda ubongoni.

"Mshipa wa fahamu" ni sahihi pia. Ila "mshipa" mtupu mbele ya daktari hautoshi: taja neva, au onyesha panapouma.