Jumapili za Mtaa wa Russell

Kwa zaidi ya miaka 40, hekalu la Kithai la Wat Mongkolratanaram mjini Berkeley, California, limeendeshwa kwa chakula. Tangu 1981 waumini wake hupika kila Jumapili na kuuza uani, Mtaa wa Russell. Mapato hulitunza hekalu na watawa wake, na huendesha madarasa ya lugha na utamaduni kwa watoto wa Kithai waliozaliwa Marekani.

Mgeni hubadilisha fedha zake kwa tokeni, kisha hupanga foleni: supu ya tambi, mchuzi wa kuku, saladi ya papai bichi. Foleni inayostahili subira kuliko zote ni ya khanom krok, vikeki vidogo vya Kithai. Mpishi humimina unga wa mchele uliokorogwa kwa tui la nazi kwenye chuma chenye vishimo, hunyunyiza majani ya kitunguu, hufunika. Kingo zikishika rangi ya kahawia, huvichokoa kwa kijiko huku katikati kungali laini. Mtu wa Pwani akiviona atajua ni ndugu wa vitumbua.

Wapishi hawalipwi. Katika Ubuddha wa Theravada mtawa hajipikii. Hula anachopewa, na adhuhuri ikipita hali tena hadi kesho. Anayetoa ndiye anayechuma thawabu, na anayeamka alfajiri kukatakata vitunguu kwa ajili ya hekalu anachuma pia. Kwa hiyo ua ule si biashara iliyopachikwa kwenye dini. Ni ibada yenyewe.

Hilo ndilo lililobishaniwa mwaka 2008, hekalu lilipotaka kibali cha kujenga jengo jipya la ibada. Baadhi ya majirani walilalamikia kelele za asubuhi, harufu za mapishi na msongamano wa magari, na ikabainika kuwa kibali cha zamani hakikuruhusu chakula cha kila wiki. Wengine waliona ni mkahawa katikati ya makazi ya watu. Waumini, wanafunzi na majirani wengine wakajitokeza kulitetea hekalu, wakakusanya saini, wakatoa ushahidi mbele ya bodi ya jiji. Malalamiko ya kelele yalikuwa ya haki, na jiji likayasikiliza: likaweka masharti, lakini likaacha masufuria yaendelee kuchemka. Naamini liliamua vyema.

Hadi leo watu huanza kujipanga asubuhi, na anayechelewa huambiwa wali wa kunata kwa embe umekwisha.