Mteja Akiandika "Pisori": Kusachi kwa Duka la Mchele Mwea

Unauza mchele wa Mwea mtandaoni, na databesi yako inasachi herufi kwa herufi. Mteja anaandika "pisori", anaambiwa hakuna. Anaenda kwa jirani. Doo imepotea hivyo tu, msee.

Kodi huduma ya kusachi. Algolia, iliyoanza Ufaransa 2012, huweka nakala ya bidhaa zako kwa seva zao. Neno la herufi 4 linasamehewa kosa moja, la 8 mawili. Lakini "basmati" na "mucere" si makosa ya tahajia. Hizo ziandikishe mwenyewe kama visawe. Na bei ikibadilika, tuma upya.

Ule ufunguo wa adimini usiwahi uacha kwa msimbo wa ukurasa. Atakayeuona anaweza futa bidhaa zote. Kwa brauza weka wa kusachi pekee.